GPS ya kwanza ya kikundi: bei si kitu, kitu ni kujua namba zitabaki kwa nani

Familia za wahami zinaporudi Masisi, Rutshuru ao Nyiragongo, wengi hawatafuti nyumba kwanza. Nyumba wanajua imekwisha. Wanatafuta mpaka wa shamba. Mkaratusi uliosimama kwenye kona umekatwa, umekuwa makala. Jirani aliyebaki, ao aliyetangulia kurudi, amelima akapitisha mistari miwili, mitatu. Mzee aliyejua vizuri wapi babu alipanda miti ya mpaka alizikwa mbali na kijiji. Tangu mwezi wa pili 2025, kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo, Lushagala na Rusayo zilipovunjwa na watu wakashika njia ya kurudi, mabishano ya namna hii hayakauki mbele ya masefu wa vijiji.

Hapo ndipo neno GPS linapoingia. Vijana wa kikundi wanasema: tukusanye franka, tununue kifaa, tupime mashamba, ugomvi uishe. Nia ni nzuri. Lakini namna vikundi vingi vinavyochagua kifaa cha kwanza ni mbaya, na atakayelipa ubaya huo ni mama mwenye shamba, si kijana aliyekwenda kununua.

Wanachagua kwa macho. Wameona wageni wa mashirika wakishuka kwenye gari wakiwa na kifaa kikubwa chenye kioo cha rangi, ramani ndani, kamera, dira, na kile kijiti cha antena juu. Basi nao wanataka kile. Wakikosa pesa, wanasubiri mfadhili. Wakichoka kusubiri, mtu anatokea na neno lingine: acheni mambo hayo, simu inatosha. Kundi linagawanyika sehemu mbili, wa kifaa kikubwa na wa simu, na mwaka unapita bila shamba hata moja kuandikwa.

Wote wanajibu swali ambalo si lenyewe. Swali la kwanza lingekuwa hili: siku kifaa kitakapopotea, kuibwa ao kuharibika, je, familia itabaki na namba za kona za shamba lake, na mtu ambaye hajawahi kufika pale ataweza kurudi kwenye kona ileile kwa namba hizo peke yake? Kifaa cha dola 150 kinachojibu ndiyo kinashinda cha dola 500 kinachojibu hapana.

Kuna watu duniani ambao wamefanya kazi hiyohiyo kwa miaka 25, na wao wanafanya kwa mchezo. Hadi mwaka 2000, Marekani ilikuwa inachafua kwa makusudi ishara ya GPS iliyotolewa kwa raia, hivi kwamba kifaa kiliweza kukosea hadi karibu mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2/5/2000 uchafu huo ulizimwa. Kesho yake, tarehe 3/5, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali pale kwenye intaneti ili wengine waitafute. Wakaipata. Mchezo ukapewa jina la geocaching, na leo mikebe iliyofichwa dunia nzima inapita milioni tatu.

Mtu wa Kitshanga anaweza kucheka: wazungu wanatafuta mikebe, sisi tunatafuta shamba. Acheke, lakini asikilize. Mtu wa mchezo ule anapewa namba tu, anaambiwa afike mahali ambapo hajawahi kukanyaga, na akikosea mita 30 hapati kitu. Familia inayorudi iko katika hali ileile kabisa, isipokuwa yenyewe haichezi. Na wale wa mchezo wamejua kitu kimoja kuhusu kifaa cha kwanza: anayeanza hahitaji kamera wala ramani ya rangi. Anahitaji kifaa kisichoogopa mvua, chenye vitufe vinavyobonyezwa hata mikono ikiwa na matope, kinachokula mapile madogo yanayouzwa kila butiki, na kinachomruhusu kuingiza namba kwa mkono kisha kimpeleke.

Mikebe yenyewe ibaki kwao. Hapa kwetu watoto wanafundishwa wasiguse chuma chochote wasichokijua porini, na wanafundishwa hivyo kwa sababu wengine wameguza wakapoteza mikono. Kikundi kinachotaka kujizoeza kitumie mlango wa kanisa, mlingoti wa bendera ya shule, bomba la maji. Mmoja aandike namba, mwingine ambaye hakuwepo apewe kifaa atafute. Asipofika, hao bado hawajawa tayari kwenda kwenye shamba la mtu.

Sasa wa simu. Hoja yao ina nguvu na haifai kutupwa. Simu ya Android inasoma setilaiti hata pale ambapo hakuna mtandao kabisa; kitu kinachokosekana bila mtandao ni msaada wa kuanza haraka, basi inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kujua iko wapi. Programu kama OsmAnd ao Organic Maps zinafanya kazi ramani ikiwa imepakuliwa mbele. Mama mmoja mwenye shamba moja, mwenye mtoto mwenye simu nzuri, hana sababu ya kununua kitu kingine. Aende, asimame kwenye kona, angoje, aandike.

Lakini kamati ya kijiji si mama mmoja. Kamati itatembea siku nzima, kesho tena, kwenye mvua, mbali na umeme. Simu ya kijana ina picha zake, mazungumzo yake, pesa zake, na kwenye kizuizi cha barabara ndiyo inayoulizwa kwanza. Ikichukuliwa, mashamba ya kijiji yamekwenda nayo. Tena simu ni ya mtu. Kijana akigombana na kamati, ao akipata kazi Bukavu, ao akioa akahama, anaondoka na mipaka ya watu mfukoni. Kifaa cha kikundi kinawekwa kwenye sanduku, ufunguo kwa mtu wa pili, daftari kwa wa tatu.

Kwa hiyo kifaa, na kile kidogo. Mfano unaojulikana ni familia ya eTrex ya Garmin. eTrex 10 iliyotoka mwaka 2011 haina rangi wala ramani ya kupakia, inasoma setilaiti za Marekani na za Urusi, na inatembea karibu saa 25 kwa mapile mawili ya AA. eTrex SE ya mwaka 2023 ilitoka kwa bei ya dola 150 huko Marekani, inasoma pia Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kampuni inasema inafika saa 168 kwa mapile mawili katika hali ya kawaida. Hata kama mapile ya soko letu yatatoa nusu ya saa hizo, ni siku nyingi za kazi. Vifaa vya bei kubwa zaidi, vile vyenye antena ya kijiti, vinashika ishara vizuri zaidi chini ya miti mikubwa. Kwa anayepima ndani ya msitu wa Walikale hiyo ni sababu ya kweli. Kwa shamba la maharage juu ya kilima cha Masisi, penye mbingu wazi, tofauti hiyo hailipi dola mia tatu za watu maskini.

Neno juu ya mapile, kwa sababu hapo pesa hupotea kimyakimya. Mapile mepesi ya bei ya chini yanakufa haraka na kuvuja ndani ya kifaa. Kikundi kikiweza, kinunue manne ya kuchaji na chaja ya jua, na katika menyu ya kifaa kichague aina ya pile inayotumika. Wasipofanya hivyo kifaa kitasema pile imekwisha wakati bado. Kazi ikiisha, mapile yatoke nje ya kifaa.

Tuache dukani, twende shambani, sababu kosa kubwa linatokea pale, na hakuna kifaa cha bei yoyote kinacholizuia. Namba ya mahali inaandikwa kwa namna nyingi. Kifaa kinaweza kuonyesha S 1° 40.500', E 29° 13.200'. Hapo ni Goma mjini. Simu ya jirani inaonyesha mahali palepale kama -1.675, 29.22. Zote mbili ni sawa. Lakini mwandishi mwenye haraka anaona 1° 40.500' anaandika 1.405. Kosa hilo dogo la kalamu limesogeza shamba karibu kilomita 30 kaskazini, kwenye usawa wa volkeno ya Nyamulagira. Karatasi ina mhuri, ina sahihi, na inasema mama analima ndani ya hifadhi ya Virunga.

Kaskazini zaidi kuna mtego mwingine. Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Butembo iko upande wa N, Lubero upande wa S. Anayezoea kuandika S kwa sababu alifundishwa Goma, akiandika S kwa shamba la Butembo, amelitupa karibu kilomita 30 kusini, upande wa Lubero. Herufi moja. Na wanaopenda ile namna ya UTM ya wapimaji wajue kwamba Masisi, Rutshuru na Goma ziko katika kanda ya 35 kusini, Beni katika 35 kaskazini, Bunia katika 36 kaskazini. Kamati isiyo na mpimaji iachane na UTM kabisa. Ichague namna moja, digrii zenye desimali tano, iiandike juu ya kila ukurasa wa daftari, na kabla ya kutoka ithibitishe kwamba kifaa kiko kwenye WGS 84. Aliyeazima kifaa jana anaweza kuwa amebadilisha, na mabadiliko hayo peke yake yanasogeza kona mita mia mbili ao tatu.

Desimali tano si urembo. Desimali ya tano ni kama mita moja. Anayeandika desimali tatu tu amejinyima mita zaidi ya 50 kila upande, na katika kilima cha Masisi mita 50 ni shamba zima la mtu mwingine.

Pia kuna uongo mmoja ambao wauzaji wanaupenda na vijana wanaurudilia: kwamba GPS inapima shamba. Kifaa cha mkono, mbingu ikiwa wazi, kinakosea mita tatu hadi tano. Basi chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Kila upande ukikosewa mita tatu kuingia ndani, kimebaki na mita za mraba 336. Ukikosewa mita tatu kwenda nje, kimefika 936. Kifaa kilekile, kiwanja kilekile. Anayesuluhisha ugomvi wa kiwanja cha Ndosho ao Katindo kwa kifaa cha mkono anamdanganya mmoja kati ya wale wawili, na hajui yupi. Kwa shamba la hekta moja hali ni afadhali: kosa hilohilo la mita tatu kila upande linapunguza eneo kwa asilimia 12 hivi. Kwa hiyo GPS itafute kona, na urefu wa pande upimwe kwa mita ya kamba, watu wa pande zote mbili wakiishika. Kamba haina fahari, ndiyo maana inasahauliwa kwenye bajeti.

Kivu ya Kaskazini ina shida yake ya ziada. Mwaka 2024 wataalam wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ishara za GPS zinavurugwa na kudanganywa katika sehemu za jimbo hili. Kifaa kinachodanganywa hakisemi kimedanganywa. Kinaonyesha namba nzuri, pamoja na ile alama ya "mita 3" ambayo watu wanaiamini kama neno la daktari. Dawa si kununua kifaa kikubwa zaidi. Dawa ni kuanza kila siku kwenye sehemu moja inayojulikana, mlango uleule wa kanisa, na kulinganisha na namba ya daftari. Zikipishana sana, watu warudi nyumbani, kazi ifanyike siku nyingine. Tena kila kona isomwe siku mbili tofauti. Kifaa kinachosoma setilaiti za nchi nyingi kinasaidia kidogo, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuongeza dola chache juu ya kile cha chini kabisa.

Halafu hatari kwa mwenye kukibeba. Kijana anayetembea kilimani na kifaa cha namna hii anaweza kuonwa kama mpelelezi, kwa upande wowote wa mstari wa mapigano. Hakuna kifaa chenye thamani ya maisha yake. Sefu ajue, mwami ajue, wenye mashamba wawepo, karatasi ya ruhusa iwe mfukoni, kazi ifanyike mchana na watu wengi, na karibu na kambi ya wenye silaha, machimbo ao barabara yenye vizuizi, kifaa kibaki nyumbani. Wanaosema "twende tu, Mungu yupo" wamtume mtoto wao wa kuzaa.

Na majina. Orodha inayosema shamba fulani ni la fulani, namba hizi hapa, mwenyewe hayupo, ni zawadi kwa mnyang'anyi. Ndani ya kifaa kuwe na namba tu: A7 kona ya 1, A7 kona ya 2. Jina la A7 likae katika daftari lingine, mahali pengine. Familia yenyewe ipewe karatasi yake, iliyoandikwa kwa mkono mzito, imefungwa kwenye plastiki pamoja na kadi za watoto.

Hapa ndipo ubishi wenyewe ulipo, na ndipo mashirika na miradi wanatakiwa kuambiwa bila kuogopa. Mara nyingi mradi unafika na vifaa vyake, unatembeza watu mashambani siku tatu, unachukua kila kona, picha, na alama ya kidole. Kisha unaondoka. Namba zinakaa katika kompyuta ya mji mwingine. Siku mama anaporudi na kuuliza, ofisi imefungwa, mkataba uliisha, mkubwa wa mradi yuko nchi nyingine. Mama ametoa siri ya udongo wake, na hakubaki hata na kipande cha karatasi. Watetezi wa miradi hiyo wanajibu kwamba data inalindwa kwa usalama wa wahami. Inalindwa dhidi ya nani, ikiwa mwenyewe ndiye asiyeweza kuiona? Dakika tano zinatosha kunakili namba nane kwenye karatasi kabla ya kuondoka shambani. Mradi usiokuwa na dakika hizo usiruhusiwe kukanyaga shamba.

Kwa sababu hiyohiyo kamati isingoje mfadhili amletee kifaa. Cha mfadhili kina mwenyewe. Kidogo kilichonunuliwa kwa franka za wanamemba, kikiwa na daftari, kamba na mapile manne, ndicho kitakachokuwa kijijini wakati mgeni hayupo.

Asidanganywe mtu kwamba namba hizo ni hati. Sheria ya ardhi ya tarehe 20/7/1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na karatasi inayotambulika kikamilifu ni certificat d'enregistrement inayotolewa na conservateur des titres immobiliers. Mashamba mengi ya vijijini hayana karatasi hiyo. Yanakaa juu ya neno la mwami na ushuhuda wa majirani. Namba za GPS ni shahidi mmoja zaidi, shahidi asiyesahau. Zina nguvu zikiandikwa ndani ya PV, jirani wa kila upande akiwepo na kuweka sahihi ao kidole, na sefu akishuhudia. Zikiandikwa wakati jirani mmoja bado yuko kambini ao ng'ambo ya Bunagana, si ushahidi, ni wizi wenye teknolojia. Kona ambayo mwenye upande wa pili hayupo iandikwe "bado", na iachwe hivyo.

Kamati ambazo bado zinakusanya pesa zina muda hadi mvua za mwezi wa tisa, watu wanapoanza kulima na maneno yanapoanza. Atakayetumwa Goma kununua asikubali kuonyeshwa kifaa ndani ya butiki chini ya bati. Akitoe nje, akiwashe, angoje kishike setilaiti, aandike namba za mahali aliposimama, akizime, atembee hadi kona ya barabara, akiwashe tena, akiambie kimrudishe. Kikimrudisha mlangoni mwa butiki, alipe. Muuzaji akikataa kitoke nje, kuna butiki nyingine.